Siku ya nane, mkono wenye chanjo yetu ulikuwa ndani kwa bibi harusi, Zinga

Wakuu wa jukwaa, salaam aleikum. Wa Unguja, wa Pangani, na nyinyi wa Mapinga mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata neno, nawaona.

Mimi ni Nasoro, niko hapa Bagamoyo. Msiniulize jukwaa limefikaje huku katika miaka hii ya elfu moja mia nane na themanini. Nyinyi someni tu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na nikitia chumvi basi mkono wangu wa kulia usishike tena kisu cha dawa.

Twende.

Kwetu ni watu wa biashara. Ami yangu ananunua sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini, na mpango wake ulikuwa nikae ghalani niichambue hadi ndevu zinijae. Mimi nikakimbilia kwa Mzee Kaitani, Mgoa, mtu wa Goa kule Bara Hindi, mwenye zahanati ndogo karibu na soko, nikamwomba anifundishe kazi ya msaidizi wa tabibu.

Ami hakugomba. Alisema tu, "Nenda. Mfungo wa Ramadhani ukiingia hujawa kitu, magunia yako yanakungoja."

Miezi ya mwanzo sikugusa mgonjwa, wakuu. Naosha chupa. Nachemsha vitambaa. Napima kwinini, najilamba kidole kwa kusahau, mate yanakuwa machungu mpaka magharibi. Kisha nikapandishwa cheo, nikapewa vidonda vya wapagazi wanaoshuka na misafara. Kidonda cha mguu kilichotembea kutoka Tabora kina harufu yake. Naishia hapo, najua kuna watu wanakula.

Halafu nikafundishwa kuchanja ndui, na hapo ndipo nilipopenda. Nilipenda mpaka nikawa nacheka peke yangu njiani.

Kwa wasiojua: mbegu ya chanjo haikai chupani katika joto letu hili. Inaishi mikononi mwa watu. Unamchanja mtu leo, mkono unatoa lengelenge, na siku ya nane unachota maji ya lengelenge lile unawachanja wengine. Siku ya nane, si ya sita wala ya kumi. Ukichelewa yanageuka usaha, kazi imekwisha. Mkono ukikosekana, mbegu imekufa kwa mji mzima, mpaka iletwe nyingine kwa meli, Mungu akipenda.

Sisi tulichanja kila Jumatano. Jumatano hadi Jumatano, ukihesabu zote mbili, ni siku nane. Kazi yangu mwanafunzi ilikuwa kujua mikono yetu iko wapi. Mzee aliniahidi kwamba nikiivusha mbegu hadi mfungo bila kukatika, atanifanya msaidizi wake kamili.

Na si cheo tu. Uso wangu una makovu ya ndui. Iliwachukua dada zangu wawili, mimi ikaniacha. Kwa hiyo lengelenge la chanjo mimi naliona zuri kuliko lulu, na anayetaka kunicheka anicheke.

Sasa wiki yenyewe. Msafara ulishuka kutoka bara na watu wenye ndui, wakawekwa nje ya mji. Kila mtu akawa na hofu. Jumatano ikafika, nikatoka alfajiri kukusanya mikono yangu mitatu.

Mkono wa kwanza haukushika. Mkavu kama vile sikuugusa.

Mkono wa pili, loo! Ni wa kijana mmoja, na bibi yake aliona lengelenge, akaona mjukuu ana kidonda. Akakisugua limau na chumvi, akakipaka majivu ya moto. Akaniambia kwa fahari, "Nimekuponyea, mwanangu." Nikasema ahsante bibi. Ningefanya nini? Na bibi mwenyewe kainua mikono kuniombea dua.

Ukabaki mkono mmoja tu. Bi Mwanaheri, mama wa makamo, mcheshi, mwenye lengelenge ambalo nililikagua Jumatatu nikataka kuliimbia. Nikabisha hodi kwake. Jirani akatoa kichwa.

"Bi Mwanaheri? Yuko Zinga tangu jana. Kuna harusi, na yeye ndiye somo wa bibi harusi."

Wakuu, mnajua somo. Ndiye anayemfunda mwari, na siku ya harusi anakaa naye ndani, hatoki mpaka bwana harusi aingie. Na mwanamume mwingine haingii humo hata awe na pembe kichwani.

Nikachukua kisu, nikakimbia. Zinga si mbali kwa mtu asiyekimbia.

Nilifika adhuhuri imepita, kanzu imenigandia mgongoni. Ngoma zinalia, pilau inanukia, na mlangoni kwa bibi harusi wamekaa wanawake kama kikosi, mkubwa wao shangazi mtu, Bi Tatu.

"Shikamoo shangazi. Naomba kuonana na Bi Mwanaheri."

"Marahaba. Kifungua mlango kiko wapi?"

Walidhani nimetumwa na upande wa bwana harusi kulipa ile zawadi ya kufunguliwa mlango! Nikaeleza habari ya lengelenge. Ndiyo kwanza wakaanza kuniimbia. Nikaeleza tena kwa sauti, wakapiga vigelegele. Nikaona hawa hawanisikii bila kitu mkononi. Nikavua kofia yangu, kofia mpya ya vitobo aliyonishonea mama kwa miezi, nikampa Bi Tatu.

Akaivaa. Ikamkaa, tena ikamkaa vizuri kuliko mimi.

"Haya," akasema, "mlango hatufungui. Pazia tutalisogeza kidogo."

Sauti ya Bi Mwanaheri ikatoka ndani: "Nasoro, mwanangu, wataka mkono au wataka uso?"

"Mkono tu, mama!"

Ukatoka. Mkono mtupu kutoka nyuma ya pazia, na lengelenge juu yake, safi, maji meupe, siku yake hasa. Nilitaka kuruka. Niliruka, kusema kweli.

Lakini mbegu inataka mikono mipya. Nikawageukia wanaume waliokuwa uani. Mmoja ana safari, mmoja anaumwa meno, mwingine ghafla kaitwa na mkewe ambaye hajamwoa bado. Jua linashuka na mimi nimesimama na kisu. Hapo niliogopa kweli. Nikayaona magunia ya sandarusi, nikawaona na dada zangu.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba ndani: "Mimi nichanjeni."

Ngoma ndogo ya mlangoni ikanyamaza. Wakuu, alikuwa bibi harusi! Mwari hasemi siku hiyo, anainamisha kichwa tu.

Bi Tatu akang'aka, "Wewe! Una wazimu?"

"Siku saba nasingwa kwa liwa uso huu uwe laini, shangazi. Ndui ikija kuutoboa, mtanisinga na nini?"

"Na mwanamume akushike mkono leo, kabla ya mumeo?"

"Hataushika," akasema Bi Mwanaheri. "Yeye atashika kisu. Mkono nitaushika mimi."

Basi ukatoka mkono wenye maua ya piko mbichi, ile rangi nyeusi ya maharusi, na mkono wa somo ukiuvuta ngozi ikakaza, vile vile ninavyotakiwa kufanya mimi. Mikwaruzo mitatu, myepesi, damu isimwagike maana huiosha mbegu. Hata hakushtuka.

Baada ya hapo sikuwa na nafasi ya kupumua. Mkono wenye bangili nne. Mkono mnene. Mkono uliokuwa unacheka, nawaapia, ulikuwa unatikisika kwa kicheko. Kumi kwa jumla, yote kupitia pazia.

Nikiwa katikati, bwana harusi akatokea na watu wake na matarumbeta, akamkuta mwanamume na kisu mlangoni kwake.

"Huyu nani?"

Bi Tatu akarekebisha kofia yangu kichwani mwake. "Mganga wa mkeo. Nawe kunja mkono wa kanzu, la sivyo leo utalala nje."

Akakunja. Wale wa safari na wa meno, kuona hivyo, wakaona haya, wakakaa foleni.

Nilirudi Bagamoyo naimba. Mzee Kaitani akafungua daftari. "Majina ya mikono?"

Sikuuliza hata jina moja la ndani! Aliniangalia, kisha kidogo kidogo akaanza kucheka, akaandika kama nilivyomwambia: wa piko, wa bangili nne, mnene, wa kicheko.

Jumatano iliyofuata tulikwenda Zinga pamoja. Pazia likasogezwa, mikono ikatoka. Karibu yote ilikuwa imeshika. Uani watu walikuwa wamejaa tangu asubuhi, na mzee mmoja akamfuata Mzee Kaitani akamnyooshea mkono.

Mzee akatikisa kichwa. "Mimi leo nashika daftari. Msaidizi wangu ni yule pale, nenda kwake."

Mfungo ulikuwa bado mwezi mzima. Nililia, wakuu, huku nacheka, na yule mzee akaniuliza kama kisu kinamuuma mganga kuliko mgonjwa.

Nilichojifunza: usidharau mtu aliye nyuma ya pazia. Na uliza majina.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye matusi ayapunguze. Lakini kama uko Bagamoyo na hujachanjwa, acha kuandika, njoo Jumatano. Mimi nahitaji mkono wako kuliko maoni yako.