Tangazo Lisilo na Mwenyewe

Ukitaka kujua mji ule uliandikwa na nani, tazama kuta zake. Zahanati, kinyozi, shule zote tatu, duka la dawa, hata lile onyo la "Usitupe taka hapa" nyuma ya soko, vyote vilitoka mkono mmoja. Mwenye mkono huo watu walimwita Fundi Herufi, na alikuwa ameandika mabango miaka ishirini na sita. Herufi zake zilisimama wima, ila R zake zilinyoosha mguu kidogo mbele, kama mgeni anayetaka kuaga lakini anaona haya. Hata mtoto wa darasa la pili angekuambia, "Hii ni ya Fundi."

Vita vilipofika na barabara zikagawanywa kati ya wenye bunduki wa huku na wenye bunduki wa kule, Fundi alidhani kazi itakufa. Haikufa. Watu waliendelea kunyoa, kuugua na kusoma. Tena alipata mteja mpya: shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe.

Shemeji alikuwa karani wa shirika dogo la haki za binadamu, lenye vyumba vitatu juu ya duka la dawa. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani na kuandika: nani kachukuliwa, siku gani, alivaa nini, gari lilikuwa la rangi gani, nyumba ya nani imechomwa. Basi. Hawakuwa na silaha, hawakuwa na hata mlinzi. Walikuwa na makabati mawili ya chuma na birika la chai. Lakini kwa jinsi walivyoandamwa, ungedhani wanafuga simba humo ndani. Simu zililia, ukipokea unasikia mtu anapumua tu. Dereva wao alisimamishwa njiani akapigwa mpaka meno mawili yakabaki barabarani. Mkuu wao aliletewa sanda mpya, imekunjwa vizuri, na karatasi yenye vipimo vyake sawasawa. Bango lao liling'olewa mara tatu. Mara tatu Fundi aliliandika upya.

"Wanaume wazima na bunduki zao, wanaogopa karatasi," Fundi alisema.

"Waogope," shemeji akajibu. "Anayeogopa kuandikwa anajua alichofanya."

Asubuhi moja akaja karakanani mtu mtanashati, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa utadhani havijawahi kukutana na vumbi.

"Fundi, hujambo? Mikono yako imebarikiwa, bwana."

"Sijambo, mkubwa. Karibu. Bango la duka au la ofisi?"

"La ukutani." Akatoa kikaratasi chenye maneno matano: WASALITI. SIKU SABA, MUWE MMEONDOKA. "Pale kwenye kijiwe cha wambea, juu ya duka la dawa. Herufi kubwa, zisomeke mpaka sokoni."

Fundi akasoma mara mbili. "Mbona mimi? Kwani vijana wako hawana mkaa?"

"Wale wanaandika kama wamelewa. Maandishi yako watu wanayaheshimu. Wakiyaona watajua ni mji wenyewe umesema."

Hapo ndipo damu ilipompanda Fundi kichwani. Alikuwa amezoea kuona watu wakiporwa ng'ombe, mabati, hata milango. Sasa walitaka kumpora zahanati yake, shule zake, kinyozi wake, ile imani yote aliyoijenga herufi kwa herufi, waivae kama kanzu ya kuazima.

"Na chini niandike limetolewa na nani?"

"Nani nini?"

"Kila tangazo lina mtoaji, mkubwa. La shule linatolewa na Mwalimu Mkuu. La zahanati, Mganga. Hata kinyozi anaweka jina. Bila jina, huo ni uchafu tu ukutani."

Mtanashati akacheka. "Andika, Wananchi Wenye Hasira."

"Wananchi nawajua, nimewaandikia mmoja mmoja. Ni yupi?"

Kicheko kikakatika. "Kesho saa tatu asubuhi. Nisipokukuta pale, nitakukuta hapa. Na wanao wanakwenda shule kwa njia ya kisimani, sivyo? Njia nzuri ile, ina kivuli."

Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mchana ule ule watoto walipelekwa kwa bibi yao. Nyumbani hapakulika chakula.

"Utaandika," mkewe alisema. "Maneno matano tu. Umeshaandika mabaya kuliko hayo kwenye kuta za vyoo vya stendi."

"Yale yalikuwa bei za choo, mama watoto!"

"Andika, shemeji," akasema mdogo wa mkewe, aliyekuja kutoka ofisini. "Ukuta tutaupaka chokaa. Mkono wako ukivunjwa, tutaupaka nini?"

"Na wewe je, utaondoka?"

"Siondoki. Lakini hiyo ni kazi yangu, si yako."

Mke akapiga makofi kwa uchungu. "Haya! Kila mmoja anataka kufa kwa ajili ya mwenzake. Na mimi ndiye nitakayepika msibani!"

Walicheka, ingawa hakuna aliyekuwa na kicheko.

Saa tatu Fundi alikuwa ukutani na ngazi yake, kamba, chaki na kopo la rangi nyeusi. Mtanashati alisimama kando ya gari lisilo na namba, na ndani yake walikaa wawili wenye bunduki. Foleni ya duka la dawa ilikuwa imefika barabarani. Fundi akapiga mistari polepole, kisha akaanza kuandika chini kabisa.

"Mbona unaanzia chini?"

"Ndiyo utaratibu, mkubwa," akadanganya.

Akaandika LIMETOLEWA NA, akaweka nukta mbili, akageuka na brashi juu.

"Mkubwa, jina!" Alisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia.

"Andika nilichokupa."

"Nitaandika chote. Nipe jina kwanza, watu wasije wakadhani nimetunga mimi."

Yule mtu aliyejua njia ya watoto, aliyejua vipimo vya sanda ya mtu aliye hai, hakuwa na neno moja la kusema kuhusu yeye mwenyewe. Mwanamke aliyebeba mtoto mgonjwa mgongoni akachoka kungoja.

"Mpe jina lako basi, baba! Au mama yako hakukupa?"

Foleni ikacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini kilitosha. Mtanashati aliipiga ngazi teke. Fundi akaangukia mkono wa kulia, na kabla hajainuka, kiatu kile kinachong'aa kilishuka juu ya kifundo cha mkono wake. Kilishuka mara mbili. Mara ya kwanza mtu angeweza kusema ni bahati mbaya.

Siku ya tatu Fundi alipanda ngazi za ofisi, mkono umefungwa plasta, mkewe nyuma yake. Shemeji alimketisha kama mtu yeyote mwingine, akachukua karatasi.

"Jina la mlalamikiwa?"

"Halijulikani," Fundi akasema, na neno hilo lilimuuma kuliko mkono.

"Jina la mlalamikaji. Litajwe au lifichwe?"

Fundi aliwaza watoto, aliwaza njia yenye kivuli. Tazama dunia ilivyopinduliwa: aliyevunja mkono hana jina kwa sababu hakuna wa kumuuliza, na aliyevunjwa anatakiwa afiche lake kama mwizi.

"Foleni nzima ilikuona," mkewe akasema kwa sauti ya chini. "Wakikutaka, watauliza tu ni nani mwenye plasta. Unamficha nani?" Akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Litaje, mdogo wangu. Watoto watabaki kwa bibi yao."

"Litaje," Fundi akasema. "Na uandike daktari amesema kifundo hakitageuka tena kama zamani."

Shemeji akaanza kuandika. Wino ukadondoka juu ya jina. Akaichana karatasi ile vipande vidogo, akavuta pumzi, akachukua nyingine safi, akaanza upya kwenye tarehe.