Mnazi wa Tatu

Niliacha shule darasa la tano, na nilichotoka nacho ni mipaka. Kaskazini mto Rovuma na Tanzania, mashariki bahari, kusini Mocímboa da Praia, magharibi Nangade. Mwalimu alituchapa kwa kila upande tulioukosea. Vila yetu, makao ya wilaya, imekaa kwenye mteremko. Juu kuna ofisi za utawala, na huko walikaa watu wa serikali na Wamakonde waliotoka bara. Chini, karibu na mikoko, tulikaa sisi Waislamu wa pwani, pamoja na wafanyabiashara waliovuka kutoka Mtwara wakaoa kwetu. Wareno walituachia kuta nene zisizo na mapaa. Gesi ilileta nyaya, magari na wapangaji. Kisha vita vikamwondoa kila mtu.

Tuliporudi, nyumba za watu niliowajua zilikuwa na watu nisiowajua. Kwetu nilimkuta ninayemjua: muuza chumvi, jirani yetu wa siku zote. Nyumba yetu ilikuwa imeungua pamoja na karatasi za baba, naye jirani huyo alikuwa amebomoa ua akasogeza jiko lake mpaka kilipokuwa chumba cha mama. Nilitaka kiwanja kile, wadogo zangu wawili wapate pa kulala. Sikutaka kingine.

Asiye na karatasi hudai kwa ushahidi. Sekretario wa bairo, yaani mkuu wa mtaa wetu, akakusanya wazee palepale uani.

"Watoto hawa siwajui," alisema muuza chumvi. "Jirani yangu nilimjua, Mungu amrehemu. Wanawe walikufa naye."

"Ami, si ulikuwa ukinituma kuuza chumvi sokoni?"

"Nimetuma watoto wengi."

Nikasema mipaka yangu, nikataja majirani wa pande zote nne. Mzee mmoja akanikatiza. "Hayo hata mtu wa Nampula atayakariri. Kila mtu akasimame kwenye mnazi wake."

Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa uani, na mnazi hupandwa juu yake. Mnazi huo ni wake hata ardhi ikipata mwenyewe mwingine. Mimi nilikwenda kwenye wangu. Mdogo wangu anayenifuata akaenda kwenye wake bila kugeuza shingo. Minazi ilikuwa imesimama, na wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Kisha kitinda mimba wetu akakimbilia kisimani.

Yeye hakuzaliwa hapa. Mama alijifungulia porini, kwenye njia ya kwenda kijiji cha Nhica, tukiwa tunakimbia, na hakuinuka tena. Tulimfukia mama kwa mikono. Kitovu cha mtoto sijui kilidondokea wapi. Kambini, tulikokimbilia, alikuwa akiuliza, "Na mimi ninao mnazi?" nami nikamjibu kila mara, "Unao, wa tatu, karibu na kisima." Nilitaka awe na kwao. Nilimweleza hata ulivyoinama.

Alikizunguka kisima. Akashika mpapai, akauachia. Akarudi kwangu. "Dada, wangu wameukata?"

Muuza chumvi alijipiga mapaja kwa kucheka. "Haya! Wamekaririshwa vila isiyokuwepo! Bibi mdogo, mnazi wako umepanda boti ukaenda Mtwara?" Watu wakacheka, na miongoni mwao walikuwamo waliotujua tangu tunatambaa.

"Mnazi wa tatu uko wapi?" sekretario akaniuliza.

Nilimpiga mtoto kofi. "Nani alikwambia ukimbilie huko?"

Hakulia. Alinitazama tu, kwa sababu alijua ni nani aliyemwambia.

Ukweli niliusema baada ya kofi, na haukusaidia kitu. Mkunga mzee wa mtaa alisimama akasema vitovu vya wawili wakubwa alivizika yeye mwenyewe. "Huyu mdogo simjui," akaongeza, akaketi. Wazee wakaamua: ushahidi wetu umeingia uongo, basi minazi miwili ni yetu, lakini ardhi ni ya anayeikalia.

"Wewe na anayekufuata nitawaandika wenyeji," sekretario alisema. "Wenyeji wasio na nyumba watapimiwa kiwanja kule juu. Huyu nitamwandika wa Nhica. Wa Nhica watarudishwa Nhica."

"Nhica hana mtu. Ana miaka mitano."

"Si mimi niliyemzaa huko."

"Andika watatu."

"Siwezi."

"Basi usiandike hata mmoja."

Mdogo wangu anayenifuata alinivuta kanga. "Dada, kubali. Tukishapata kiwanja tutamwingiza kimyakimya."

"Watatu," nilisema. Sekretario akafunga daftari, akaita familia nyingine.

Sasa tunakaa kwenye kibanda pembeni ya mikoko, mahali ambapo hakuna aliyetupa wala aliyetufukuza bado. Bamvua likija, maji huingia mpaka kwenye mkeka. Anayenifuata huongea nami kwa shida. Anasema niliuza kiwanja chake kwa kiburi changu. Lakini ningeulizwa tena, ningesema watatu.

Mdogo nimempeleka chuoni kusoma Kurani. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza kwao ni wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aligeuka akanitazama, kisha akajibu kwa sauti, ili nisikie vizuri: "Nhica."