Kengele ya Ngamia Ilipofika Elwak

Niliondoka Nairobi kwa sababu Wairimu, aliyeongoza filamu yetu, alitaka kujua kama inatisha. Mimi ni mtu wa sauti. Nyayo, milango, upepo, pumzi za asiyeonekana, hizo ndizo kazi zangu. Filamu yenyewe ni ya enzi za mkoloni huko kaskazini mashariki. Serikali inafunga visima kwa kufuli, na mwaka huohuo dubwana linaanza kuzunguka kwenye maboma. Haliui mtu. Linamnusa tu, na kesho yake hawezi kutaja jina la babu yake. Wairimu aliandika fumbo hilo kwa hasira, akimlenga mkoloni, na aliamini kila mtazamaji angelifumbua vivyo hivyo.

Kulikuwa na jambo la pili, zito zaidi. Halima, anayeigiza mama wa boma linaloshambuliwa, ni muuguzi Garissa na kwao ni Elwak. Alikubali kuigiza kwa sharti moja: mama yake mzazi aione filamu kabla haijatoka, na akisema hapana, Halima aondolewe. Wairimu alikubali upesi, kama watu wanavyokubali mambo ambayo bado yako mbali. Sasa filamu ilikuwa tayari, na kumwondoa Halima kulikuwa sawa na kuitupa yote. Nikabebeshwa kompyuta, projekta na spika mbili, nikaambiwa nisirudi bila jibu.

Garissa tulifika mchana. Kabla ya daraja la Tana abiria wote tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena. Halima alinipokea akanipeleka mtaa wa Galbet, kwenye ukumbi wa harusi tuliokuwa tumeazimwa. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukaanza baada ya sala ya alasiri. Wanawake walikaa kushoto, wanaume kulia, na viti vya mbele vikachukuliwa na walimu kutoka Meru na Kisii ambao hawakutaka kupitwa.

Hapa lazima nieleze kuhusu kengele. Ngamia wa Wasomali huvishwa shingoni kengele ya mti, wao huiita koor. Nilinunua moja kwenye duka la vinyago Nairobi, nikaihangaikia studio mpaka ikatoa sauti kavu, kama mifupa inayogongana. Kila dubwana linapokaribia, koor inalia. Mwishoni, linapoingia bomani, zinalia nyingi kutoka kila upande, mpaka mama wa boma anaposhtuka usingizini na kupiga kelele kuwaamsha wenzake. Sijawahi kujivunia kazi yangu kama nilivyojivunia sehemu hiyo.

Ilipofika, walimu walifunika nyuso. Mmoja alitoka nje akisingizia simu. Lakini upande wa wanawake mabega yalishuka, chai ikaendelea kumiminwa kutoka kwenye chupa, na mama mmoja akamwambia jirani yake neno lililowachekesha. Nilimwuliza Halima amesema nini.

"Amesema alhamdulillahi, wamerudi."

"Nani?"

"Ngamia. Koor ikilia hivyo jioni, watoto wanajua maziwa imefika."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Siku ile tunaigiza hakukuwa na kengele, Barasa. Wewe uliiweka baadaye, Nairobi. Mimi naisikia leo kama hawa wengine."

Niliumia, sitaficha. Filamu ilipokwisha tulifungua mazungumzo, na fumbo la Wairimu likapata wenyewe wengi. Mstaafu mmoja alisema dubwana ni serikali, ya zamani na ya sasa. Kijana wa chuo akapinga: "Hiyo ni simu, buda. Mimi mwenyewe ukiniuliza babu wa tano nakwama, na sijanuswa na mtu." Maalim wa madrasa alituambia ni jini wa kawaida, na kama yule mama angesoma Ayatul Kursi kabla ya kulala, filamu ingekwisha mapema na watu wangeenda makwao. Mkoloni hakutajwa na yeyote.

Wajir, tulikosimama mimi na Halima njiani kwenda Elwak, mambo yalikuwa yaleyale. Wanawake walisema dubwana ni ukame, maana ukame ndio unaotawanya watu mpaka wasijuane. Kengele zilipolia walitulia kama wenzao wa Garissa. Mwishoni Halima aliuliza waziwazi: basi, sauti gani ingewatisha? Wakatazamana. Muuza maziwa aliyekuwa karibu na mlango akajibu, kwa namna ya mtu anayeulizwa jambo la kila siku.

"Kengele kulia si mbaya. Kengele kunyamaza ndiyo mbaya. Mwizi akija anajaza nyasi ndani, ngamia anatembea, wewe husikii kitu."

Asubuhi, kabla basi la Elwak halijaondoka, nilikaa kwenye kitanda cha gesti na kompyuta mapajani. Niliacha kengele zilie polepole, kwa raha, tangu mwanzo wa sehemu ile. Kisha, kabla tu mama hajashtuka, nikazikata zote. Sikuweka upepo wala mdudu. Halima alisikiliza kwa vipokea sauti, akavivua, akaanza kufunga spika.

Elwak. Mama yake Halima anaitwa Dahabo, anauza vitambaa sokoni. Ni mwembamba, anatembea haraka, na anakutazama mikono kabla ya uso. Alituandalia anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chai ya maziwa ya ngamia, akaniuliza habari za mama yangu Bungoma, mvua ya Bungoma na ng'ombe wa Bungoma, kisha, kwa lafudhi yake ya Kisomali, akafikia alilotaka.

"Wewe ndiye ulichukua bicha ya mtoto wangu?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa sauti."

"Sawa. Leo nitaona. Mimi nitasema mbele yake, si nyuma yake."

Halima hakumaliza anjera yake.

Tulionyesha kwenye darasa moja la shule. Dahabo alikaa mbele kabisa, mtandio umemfunika mpaka kwenye kidevu. Halima alipotokea kwenye pazia watu walinong'ona, mama akabaki vilevile. Kengele zilipoanza niliona wengi wakitabasamu. Kisha zikanyamaza.

Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Mtu mmoja nyuma alisema bismillahi. Wanaume wawili waligeuka kutazama mlango. Dahabo aliinuka, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka. Sauti ya Halima ikapasuka kwenye spika, akiamsha boma zima, lakini kiti cha mama yake kilikuwa kitupu. Halima mwenyewe alikaa palepale mpaka mwisho, macho sakafuni. Niliogopa. Nilidhani nimeiharibu filamu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kesho yake tuliitwa chai. Hakuna aliyeniuliza habari za Bungoma. Halima alikuwa akimimina, mama yake akaanza kusema, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Mimi nilikuwa na kaka, Isaak. Halima anajua alibotea. Hajui fizuri." Alinyoosha shuka lililokuwa limenyooka. "Tulikuwa bomani. Watu wote walilala, mimi nilikuwa macho. Kengele ililia, halafu ikanyamaza. Nilijua ni wezi. Mimi mtoto mdogo, niliogoba, nikafunika kichwa. Asubuhi ngamia hakuna. Isaak akafuata nyayo yao. Mpaka leo."

Halima aliweka birika chini.

"Hooyo, ulisema ulikuwa umelala."

"Kila mtu nilimwambia nilikuwa nimelala. Mama yangu nilimwambia hivyo mpaka akafa."

Nje mtu alikuwa akipakia mbuzi kwenye lori, na mbuzi hawakutaka. Nilimwuliza swali nililotumwa, kwa sababu sikuwa na lingine.

"Mama, basi tumwondoe Halima?"

Alinitazama kama nimeuliza upuuzi.

"Kwa nini? Mimi jana sikuenda nyumbani. Nilisimama kwa dirisha. Nilisikia yeye anabiga kelele, watu wanaamka." Akamgeukia binti yake. "Wewe uliamsha watu, abaayo. Kaa hapohapo. Lakini mimi siangalii tena."

Nilirudi Nairobi na jibu. Wairimu alifurahi kuhusu Halima, akabishana nami kuhusu ukimya, mwisho akakubali. Tulipoonyesha mjini, watu walipiga mayowe kengele zilipolia, na ziliponyamaza mtu akasema spika imekufa. Sikumlaumu. Nilikwenda kujua kama filamu inatisha, nikajifunza kwamba hofu ina kwao, na kwao si lazima iwe Nairobi. Dubwana bado linafumbuliwa kila mahali kwa namna yake, na nimeacha kusahihisha watu.

Juzi Halima alinipigia simu kutoka Elwak. Alisema mama yake yuko kando yake na ana swali: huko Nairobi, Halima bado anawaamsha watu?

"Mwambie anawaamsha," nikasema. "Kila mara."

Nikasikia akitafsiri, kisha mama akisema neno moja la Kisomali, taratibu. Sikuuliza maana yake.