Mahindi ya Zizini

Ukitoka Maswa kwenda Bariadi kuna lami siku hizi, na mwenye haraka zake huifuata. Mimi niliiacha. Niliingia barabara ya udongo inayozunguka vijijini, ile niliyopita utotoni nikiwa nyuma ya baiskeli ya baba, kisigino kimechubuliwa na spoku. Nimepanga vyumba Kahama, Mbeya, Tunduma, na kote huko barabara hiyo ilinijia usingizini.

Na kweli ilipendeza. Pamba ilikuwa inachanua, maua ya siku hiyo meupe, ya jana yake mekundu. Mawe makubwa yalikuwa yamepandana vilevile. Lakini sikuwa na moyo wa kupendezwa. Nilikuwa nimepigiwa simu kwamba baba mdogo amelima zizi, na ndani ya zizi hilo ndimo alimolala baba yangu. Kwetu walizikwa hivyo wakuu wa kaya walioshika mila, ili ng'ombe wawapite juu wakitoka asubuhi na wakirudi jioni. Nilikwenda kudai sehemu ile iachwe.

Kwenye mbuga, udongo mweusi ulinasa magurudumu ya gari langu. Mzee mmoja alisimamisha maksai wake akanitazama nikichimba kwa mikono.

"Lami ilikukosea nini?" akauliza, kisha akawaswaga maksai wake wakaendelea.

Nilifika kwetu Ngulyati mchana umeshapinda, nimejaa tope hadi magotini. Uzio wa minyaa wa zizi ulikuwepo bado. Nyuma yake mahindi yalisimama marefu, kijani kilichokolea hadi karibu kuwa cheusi, samadi ya miaka yote ikisema yenyewe. Mke wa baba mdogo alitoka jikoni.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu, kama anavyosalimiwa mama kwetu mchana.

Akanijibu kwa Kiswahili. "Marahaba. Karibu, mgeni."

Katika ua ule Kiswahili ni cha bwana shamba, wachanja mifugo na waomba kura. Akaniletea kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya uwanja, juani.

Baba mdogo alitoka ndani akijifuta mdomo. "Umenenepa," akasema. "Huko unakozurura wanakulisha."

"Baba mdogo, umelima juu ya baba."

"Nimelima zizi."

"Si yumo humo?"

"Zizi ni ng'ombe. Ng'ombe wako wapi? Umekuja nao kwenye hicho kigari?"

Ng'ombe walikuwa wameisha. Wengine walitoka kwa mahari ya wanawe, wengine ukame uliwalaza. Hilo nililijua, wala halikunipunguzia hasira.

"Niachie pale alipolala tu," nikasema. "Nitapazungushia waya."

"Alipolala ni wapi? Onyesha."

Nilikuwepo siku ile ya kuzika. Kichwa kilielekezwa kwenye nguzo ya lango la zizi. Lakini nguzo zote hazikuwepo tena, zilikwishaingia mekoni. Nikanyoosha kidole pale nilipodhani.

Baba mdogo akacheka. "Hapo walilala ndama!"

"Na wewe hujui," mkewe akadakia. "Yuko huku, kwenye minyaa."

"Nyamaza. Nani alichimba, mimi au wewe?"

"Ulichimba umelewa!"

Wakageukiana, wakaporomoshana kwa Kisukuma cha haraka kana kwamba sipo. Kila mmoja alikuwa na baba yangu wake, mahali pake. Hakuna aliyejua. Nikaingia kwenye mahindi, nikakamata bua kwa mikono miwili nianze kung'oa hadi nipate mahali pa kusimama.

"Ng'oa!" mama mdogo akanigeukia. "Ng'oa moja tu nipige yowe. Waje na fimbo zao, niwaambie mwizi wa mahindi huyu, na gari la kubebea lile pale."

Kwetu yowe si mzaha. Likisikika watu huja mbio, na maelezo hutolewa baadaye. Nikaliachia bua.

Baba mdogo akanisogelea karibu. "Nakupa plau. Nakupa upande huu wote. Gari liache hapo, ukae, umlinde baba yako usiku na mchana. Utakaa?"

Mimi ni mtu ambaye hata godoro nanunua jembamba, lisinisumbue kuhama.

"Sikai."

"Basi tutavuna."

Mama mdogo akaleta sahani ya mahindi mabichi ya kuchemsha, bado yanafuka. Hakukuwa na haja ya kuuliza yametoka wapi. Akaiweka juu ya kigoda mbele yangu.

"Kula."

"Sili."

"Sikiliza," baba mdogo akasema, safari hii bila kupaza sauti. "Asiyekula hapa hana ndugu hapa. Ukiondoka hujala, lango hilo usilipite tena. Na nikilima, nisilime, hutauliza."

Nililitazama gari, nikawatazama wao. Ningeondoka, asingebaki mtu wa kumuulizia aliye chini. Angekuwa udongo tu, na udongo mzuri. Nikachukua hindi. Nikalila taratibu nikimkodolea macho baba mdogo, naye akinikodolea. Lilikuwa tamu, na hilo lilinikera kuliko maneno yao yote. Sikuacha hata punje.

"Mvua zijazo nitakuja mnapopanda," nikamwambia. "Nitasimama humo, upitishe plau juu yangu."

"Njoo. Maksai wa kuazima hawajui kumkwepa mtu."

Nikaisukuma sahani kwa mama mdogo, nikamwambia alete mengine.