Flash Iliyokataa Kufunguka

Jumamosi, kwenye saiba moja hapa Kitengela, mwalimu aliyeketi mbele yangu alichomeka flash yenye mtihani wa darasa lake. Kompyuta za pale zinatumia Linux, ule mfumo wa bure, na aliyokuwa akitumia ikadai password ya administrator, yaani msimamizi wake, kabla ya kuifungua. Mwenye saiba, aliyeijua, alikuwa Namanga, simu imezimwa. Mwalimu akashika kichwa.

Msichana aliyeketi kando yake akaomba kibodi, akaandika amri moja. Flash ikafunguka.

“Umevunja kufuli?” mwalimu akauliza.

“Hapana, mwalimu. Kuna njia mfumo unaruhusu hata mtu wa kawaida afungue flash.”

Mzee mwenye shuka, aliyekuwa akimngoja msichana huyo mlangoni, akasimama. “Huyo ni msichana wangu. Tumetoka Bisil.”

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alituambia mmoja mmoja, hata mimi niliyekuwa nimeshasikia, nami nikampa mkono wa pongezi mara ya pili.