Fundi Dishi Hataki Mwisho

Mwanaume ninayeishi naye anaitwa Lomorukai, na watu wa Lodwar wanamjua kwa sauti kabla ya sura. Ni fundi wa dishi. Utamsikia juu ya bati la mtu akiuliza, "Imekuja?" na ndani watu wakijibu, "Bado!" "Na sasa, imekuja?" "Imekuja! Aa, imepotea!" Leo yuko hapa mjini, kesho Lokichar, keshokutwa Kakuma, na hata siku asiyokuwa na kazi hakai. Anasimama mlangoni, anatoa ufunguo wa pikipiki, anaurudisha mfukoni, anautoa tena. Mimi ni Nakiru. Nimemzalia watoto wawili, wa kwanza Akeno, na kuishi naye kumenifanya na mimi niwe roho juu juu, kutwa nasikiliza pikipiki inayoondoka.

Kazi ndiyo iliyomharibu, au labda aliichagua kwa sababu alikuwa ameshaharibika. Akifunga dishi lazima aangalie kama picha imetulia. Basi anakaa kwenye kochi la mwenye nyumba, anaona nusu ya filamu, analipwa, anaondoka. Ameona nusu ya kila kitu kilichowahi kurushwa hewani, na kwa nusu hiyo ana maoni kamili.

Mpe nafasi tu. Filamu za vita? "Hao watu wana risasi kama mchanga wa mto Turkwel. Hakuna anayeuliza zinatoka wapi, na hakuna anayekunywa maji." Kwenye simu ana mchezo wa kufuga ng'ombe, ameucheza mpaka kioo kimepasuka, na bado anautukana kila siku. "Ng'ombe hana jina, hana alama, mvua inanyesha ukibonyeza. Aliyetengeneza hii hajawahi kuchunga hata mbuzi wa jirani." Vitabu navyo anavyo, katoni nzima aliyoachiwa na mwalimu mmoja aliyehamishwa. Vya upelelezi anavipenda na kuvidharau kwa pamoja, eti polisi wanafika mapema mno. Kuna riwaya moja ya jangwani aliyoitupa kitandani kwa hasira. "Mtu ameshikwa na kiu hapa juu, ukifungua upande wa pili ameshakunywa. Hiyo ni kiu gani?"

Nilicheka sana na maneno hayo, nisidanganye. Ndiyo yaliyonifanya nimpende. Ila siku moja nikipanga ile katoni niliona kila kitabu kimekunjwa pembe ya ukurasa, na kila pembe iko karibu na mwisho. Hakuna hata kimoja alichomaliza. Kwenye kibanda cha Ekwam, wanakocheza mpira wa video, Ekwam akaniambia bila kuulizwa, "Huyo mzee wako hucheza vizuri, lakini mechi ikikaribia kuisha anampa mtu pedi, anasema ako na kazi. Hata kama anaongoza!"

Nikamuuliza kwa nini.

"Kitu kikiisha watu wanazima TV wanaenda kulala," alinijibu. "Sasa wewe utabaki unaongea na nani?"

Kama ingekuwa vitabu tu ningenyamaza. Lakini kwetu ndoa nayo ina mwisho wake. Mifugo ya mahari hufika kidogo kidogo, miaka inapita, watoto wanazaliwa, lakini ndoa huisha, yaani hukamilika, siku dume linapochomwa mkuki nyumbani kwa baba ya mwanamke. Sherehe hiyo tunaiita akuuta. Ndipo mwanamke anavaa chuma cha shingoni, na watoto wanakuwa wa baba yao. Kabla ya hapo, hata ukizaa kumi, wewe bado ni msichana wa baba yako. Mifugo ya Lomorukai ilishafika yote. Dume lenyewe lipo, linanenepa kwa kaka yake Atiir kule Lokichar. Ni mla ng'ombe mzima akashindwa na mkia. Mara ukame, mara uchaguzi, mara mvua imezidi.

Kwenye akuuta ya binamu yangu Awoi nilikaa na wanawake wenzangu, nikashika wimbo kwa nguvu. Shangazi akaja akanigusa bega. "Mama, wewe sogea kule na wasichana. Hapa ni kwa waliomaliza." Nikasogea, na mtoto mgongoni, nikakaa katikati ya wasichana waliokuwa wakinong'onezana habari za shule. Masikio yaliniwaka moto. Siku hiyo nilimchukia Lomorukai kabisa, pamoja na maoni yake yote.

Kilichonishinda kuelewa ni baba yangu. Apa ni mkali, anaishi Lopur na mifugo yake, na hajawahi kumvumilia mtu anayemzungusha. Mbona huyu hamsukumi? Jibu nililipata tulipokwenda kumsalimia pamoja. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikikoroga chai, nikawasikia. Lomorukai alikuwa akimhadithia tamthilia, ile ya familia tajiri yenye ndugu wawili na kiwanda cha mazulia kilichoungua. Ila kwenye mdomo wake kiwanda kilikuwa kimegeuka zizi la ngamia, jumba la ghorofa limekuwa boma, na gari jeupe la mjomba mbaya limekuwa punda. Apa alikuwa hapumui.

"Sasa nani alichoma zizi?" akauliza.

"Hapo ndipo kuna maneno, Apa. Nitakuambia nikirudi."

"Basi rudi upesi. Na hilo dume lako tutaliongea siku hadithi ikiisha."

Chai ilinifurikia motoni. Kumbe ndiyo biashara yao! Mmoja anaogopa mwisho, mwingine anaungoja, na mimi nimekalishwa na wasichana.

Sikugombana naye. Nilimpigia Qamar, mwanamke wa Kisomali mwenye hoteli Kakuma, ambaye Lomorukai alimfungia dishi na ambaye haikosi tamthilia hiyo hata ikirudiwa. "Abaayo, dada yangu, njoo Jumamosi," akaniambia. "Hiyo marudio, sehemu ya mwisho inaanza saa kumi jioni. Ukikosa, walahi, mimi sitakuhadithia, nitaharibu." Jumamosi Lomorukai alikuwa na kazi huko huko, nikamwambia tutakwenda pamoja. Alifurahi. Anapenda kusafiri na mtu wa kumsikiliza, na njia nzima alinieleza kwa nini mashujaa wa filamu hawajui kuegesha pikipiki.

Saa kumi tukakaa hotelini kwa Qamar, tukaletewa chai ya maziwa na sambusa. Tamthilia ikaanza. Lomorukai alitikisa mguu, akatoa ufunguo, akaurudisha. Ndugu wawili waliposimama mbele ya mama yao kumuuliza habari ya moto, akainuka ghafla. "Hii picha inatetemeka kidogo. Nirekebishe." Picha ilikuwa imetulia kama maji ya ndoo. Akapanda juu ya bati.

"Imekuja?" tukamsikia.

Qamar akanitazama. Mimi nikaweka kidole mdomoni.

"Mama Akeno! Imekuja?"

Hatukujibu. Alitembea juu ya vichwa vyetu, huku na huko, mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye kioo. Nilikuwa nikilia, na si kwa ajili ya mazulia peke yake.

Tulilala Kakuma, na asubuhi, Lomorukai akiwa kazini, nilikodi pikipiki mpaka Lopur. Nilimkuta Apa akitazama mguu wa mbuzi aliyekuwa akichechemea. Nikamwambia nimekuja na mwisho wa hadithi. Akamwachia mbuzi.

"Ni mama yao, Apa," nikasema. "Alichoma zizi mwenyewe. Aliona wanawe watauana kwa sababu ya ngamia, akaona heri wakose wote."

Apa akatoa tumbaku, akaisahau mkononi. "Mama!" akasema. "Na mimi nimemtukana mjomba miaka hii yote, bure." Kisha akaniangalia. "Kwa hivyo imeisha."

"Imeisha."

Uso wake ulishuka, nikamhurumia kweli. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu, na nilikijua. Kwa dakika hiyo nilimwelewa Lomorukai kuliko siku zote nilizoishi naye. Lakini Apa akajikung'uta vumbi, akamshika tena mbuzi mguu.

"Mwambie alete dume," akasema. "Nilikuwa nikingoja hii tu. Na akija, aje na hadithi nyingine. Ila hiyo aianze baada ya dume, si kabla. Mimi si mjinga."

Niliporudi Kakuma, Lomorukai alikuwa juu ya duka lililo jirani na hoteli ya Qamar, amekumbatia dishi.

"Imekuja?" akawauliza watu wa ndani.

"Imekuja!" nikajibu mimi, kutoka chini.

Akachungulia. "Wewe umetoka wapi?"

"Kwa Apa. Anasema ulete dume."

"Si tulisema hadithi ikiisha?"

"Imeisha. Nimemwambia mwisho."

Spana ilimponyoka, ikabingirika kwenye bati mpaka chini karibu na miguu yangu. Nilingoja ataje ukame. Nilingoja ataje chochote, maana jibu nilikuwa nimeliandaa njia nzima, nalo halikuwa zuri. Badala yake alikaa. Alikaa pale pale juu ya bati la moto, mikono magotini, hakugusa ufunguo.

"Alizima akaenda kulala?" akauliza.

"Nani?"

"Apa."

"Hapana. Anataka nyingine. Baada ya dume."

Akafikiria hilo. Nikaona mabega yake yanashuka kidogo kidogo. Halafu akatazama mlango wa hoteli, ambapo Qamar alikuwa amesimama akijipepea na trei.

"Mimi sijui kitu, fundi!" Qamar akapaza sauti. "Usiniulize! Muulize mama ya watoto wako!"

Lomorukai akashuka ngazi akiwa na simu sikioni. "Atiir? Ejok, habari ya huko. Lile dume bado liko? Basi lisiuzwe, na lisiende mbali. Nakuja kesho." Akakata. Akaja akasimama mbele yangu, ameinamisha kichwa kama mtu anayeomba maji kwenye boma la wenyewe.

"Mama Akeno," akasema kwa sauti ndogo. "Nani alichoma?"

"Utajua siku nikivaa chuma shingoni."

"Niambie tu kama ni mwanaume."

Nikaokota spana yake, nikamwekea mkononi.

"Bado," nikamjibu.