Makofi Si Kura

Mwishoni mwa miaka ya tisini tuliishi ugenini kusini mwa Afrika, mtaa wa Sydenham, juu ya mteremko wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, kushuka kwenda kupanda taksi kulikuwa bahati nasibu. Mama mkwe wangu aliteleza hapo siku moja, na tangu hapo akawa hatoki. Mwanamke aliyezoea kutembelea nusu ya mji kwa miguu yake sasa alishinda dirishani, akinikosoa nilivyosonga ugali. Mdomo wake ulikuwa mkali, wangu pia, lakini roho iliniuma kumwona vile.

Mfuko wa mtaa ulitosha kujenga ngazi za zege. Ila sharti lilikuwa moja: pesa haziguswi mpaka theluthi mbili za nyumba ziinue mkono, na mpangaji naye alihesabiwa.

Tulikutana katika gereji ya mwenyekiti, mwenyeji asiyejua Kiswahili, mwalimu mstaafu aliyependa utaratibu kuliko chai. Alipomaliza kueleza, sisi Watanzania na Wakongo tulipiga makofi mpaka mabati yakalia. Kwetu jambo likishapigiwa makofi limepita. Tukainuka, tukayavamia mandazi. Nyuma yetu mwenyekiti akaomba mikono, akahesabu michache aliyoiona, akatangaza kwamba ngazi zimekataliwa.

Nilipandwa na hasira, lakini jirani yangu, mama wa Kikongo mwenye saluni, alinitangulia.

"Eish, papa mwenyekiti, tulishakubali! Makofi iko na mikono mbili, wewe unataka moja tu?"

Nilimtafsiria mwenyekiti neno kwa neno, tena kwa raha zangu. Akajikuna kidevu. Sheria ni sheria, akasema, ila hakuna sheria inayokataza kuhesabu tena.

Safari hii tuliinua mikono na mandazi yakiwa bado mkononi. Akahesabu, akatangaza zimepita, akatuomba tushushe. Hatukushusha mpaka aliporudia. Wala hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Akapiga yeye, peke yake.

Kisa chote nilimsimulia mama mkwe, naye alicheka mpaka akashika mbavu.

Zege lilipokauka alikataa kushikwa. Alishuka taratibu, akilisema kila daraja, nasi huku juu tumejiziba midomo. Alipokanyaga barabara aligeuka, akainua mkono mmoja, akautuliza hewani bila kuutikisa.

"Mbona mmenyamaza?" akapaza sauti. "Nihesabuni!"